Kenta Yangu na Turubai la Wifi

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha kwenye mkutano wa kitongoji, mkono nimeunyoosha peke yangu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Majirani wote waliinyoosha ya kwao ilipoulizwa nani anaunga mkono. Mimi nilinyoosha ilipoulizwa nani anapinga.

Sheria ikapita. Gari la kazi, liwe la samaki, la mchanga au la mkaa, halilali tena mtaani kwetu. Magharibi ikiingia liwe limeshakwenda kwenye yadi kule barabara kuu. Likikutwa, mwenyewe anaonywa. Likikutwa tena linavutwa, na kulipata tena ni kuomba Mungu.

Sasa mtaa wetu wote hapa Bagamoyo una gari moja tu la kazi, nalo ni Kenta yangu ya samaki. Kwa hiyo msinione mkorofi nikisema sheria ile walinitungia mimi, wakaona haya tu kuniandika jina.

Aliyepeleka hoja ni Biubwa, dada yake mume wangu. Nyumba yake na yangu zinatazamana, njia ya mchanga katikati, na Kenta ilikuwa inalala hapo njiani. Alisema maji ya samaki yanachuruzika mpaka barazani kwake, na nikiiwasha alfajiri kwenda mnadani wajukuu za watu wanaamka wanalia. Sikubisha. Kenta ya samaki hainukii marashi. Lakini mbona miaka yote nilipokuwa na dereva wa kiume hakusikia harufu? Pua yake ilifunguka siku niliyoshika usukani mwenyewe.

Na mume wangu Abdulnasir mlimwona. Dada yake alipokuwa ananichambua mbele ya watu, yeye aliinama anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Onyo nimeshalipata, siku ile betri ilipokufa nikachelewa kutoka. Kosa linalofuata linaondoka na gari. Na mimi sina kingine. Sina duka, sina shamba, cheti sina. Kenta ikienda nakaa jikoni kusubiri mkono wa mume, na mume mwenyewe mnamjua. Haya, hapo ndipo tulipo.

Ijumaa Biubwa akamwoza binti yake, Naila.

Kadi za mwaliko zilitembea mtaa mzima. Zilifika kwa muuza genge, zilifika kwa mama anayetufulia mapazia, zikafika Mbegani kwa watu ambao Biubwa hata hawajui vizuri. Mlangoni kwangu zilipita moja kwa moja. Abdulnasir alipewa kanzu mpya kwa kuwa ni mjomba wa biharusi, akaondoka asubuhi bila kuniuliza kama na mimi nina nguo ya kuvaa.

Mimi nikaenda zangu Dar na samaki wangu. Nikarudi adhuhuri, nikaiosha Kenta kwa sabuni na malimau, nikaiegesha pale pale katikati ya nyumba zetu, kwa kuwa mchana sheria hainizuii. Nikaingia ndani, nikajilaza.

Niliamka alasiri kwa sauti ya spika wanajaribu muziki. Nikachungulia dirishani. Mama yangu, nikafumba macho, nikafumbua tena kuhakikisha.

Turubai la harusi lilikuwa limeshasimama, jeupe, na mapambo ya dhahabu. Upande mmoja limefungwa kwenye nguzo za baraza ya Biubwa. Upande wa pili limefungwa kwenye Kenta yangu.

Mgeni wa huku lazima nimweleze. Mtaa wetu ni mchanga mtupu, na upepo wa baharini hautaki utani. Ukichimbia kigingi, upepo ukipiga kidogo tu kigingi kinatoka na turubai linaruka. Ndiyo maana tangu Kenta ije mtaani, kila mwenye shughuli anafungia kwangu. Harusi, maulidi, arobaini, zote. Walikuwa wanakuja kabisa kuniuliza siku gani sina safari, ndipo wapange tarehe. Nimewahi kukaa bila kazi wiki nzima kwa sababu ya hitima ya mtu ambaye hata sikumpenda.

Vijana wa kukodisha maturubai hawajui habari za mikutano yetu. Walikuta Kenta ipo kama kawaida, wakafunga kama kawaida. Bampa la mbele, bampa la nyuma, ndoano zote za bodi, kamba tupu. Na Biubwa alikuwa ndani anapambwa piko, hakuna aliyemwambia.

Nilicheka. Sitaki kuwadanganya, nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi yangu alinifukuzia gari mtaani, halafu harusi ya mwanawe ameitundika kwenye gari hilo hilo.

Nikaoga. Nikavaa dera langu la kijani, nikajifukiza udi, nikatoka nikakaa barazani kwangu. Ufunguo wa Kenta nikauvaa kidoleni. Nikawa nalitazama jua linavyoshuka.

Wageni walianza kuelewa mmoja mmoja. Mwanamke ananiangalia, anaangalia ufunguo, anaangalia kamba, halafu anamnong'oneza mwenzake. Minong'ono ikafika ndani. Nikaona pazia la Biubwa linasogea.

Hakuja mwenyewe. Alimtuma mume wangu.

Abdulnasir akavuka njia na kanzu yake mpya, akaanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nikamwambia aseme alichotumwa. Akasema kwa leo niiache Kenta ilale hapo, mambo yenyewe ni ya kifamilia. Nikamuuliza familia ipi, ile iliyopewa kadi? Akasema nisianze. Nikamwambia sijaanza mimi, mimi ni raia mwema nafuata sheria, jua likizama naondoa gari langu. Mwenyekiti akitaka libaki, aje aseme mwenyewe.

Akaenda. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Mwishehe, alikuwa ndani anakula, akaja anajifuta mikono kwa leso. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo. Akainama sikioni kwangu akaniambia nisiwe na wasiwasi, leo haina neno.

Nikamwambia hapana, mzee wangu. Mkutano uliniumbua kwa sauti, ruhusa nayo nataka kwa sauti. Kipaza sauti kile pale.

Akatazama jua, akanitazama mimi, akatazama turubai. Kisha akaenda, akamwambia kijana wa muziki azime, akasafisha koo.

"Nawatangazieni jamani, kwa leo gari la Bi Mwanvita limeruhusiwa kulala hapa hapa, kwa ajili ya kufanikisha shughuli yetu."

Vigelegele vikapigwa. Vingine vilikuwa vyangu, vingine vya kumzomea Biubwa, maana naye mtaani ana watu wake wanaomsubiri ateleze. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa piko, dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Alimeza mate nikayaona yanashuka.

Nikanyanyuka. Nikavuka njia na dera langu, nikapita katikati ya wageni, nikakaa safu ya mbele, kiti cha mke wa mjomba. Nikaletewa pilau.

Biubwa akaja mpaka kwangu, anatabasamu kwa ajili ya watu.

"Kula, wifi. Heshima yangu umeshaila, pilau ndiyo ikushinde?"

"Tamu," nikamwambia. "Chumvi tu imepungua."

Akaondoka. Niliifaidi pilau ile kuliko chakula chochote nilichokula mwaka huu. Ningejua, ningekula haraka nikaondoka.

Ndoa ilikuwa imeshafungwa msikitini. Kilichobaki ni kumtoa Naila aje kukaa kwenye kiti chake cha maua, kina mama wamtunze. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, wanaume wakaenda kuswali wakarudi. Muziki ukawashwa tena. Ndipo nikaona taa za gari zinakuja polepole kwenye njia yetu, na nyuma yake bredauni, lile gari la kuvutia magari mabovu, limewasha taa ya njano juu.

Alikuwa ni mtendaji wa kata. Bi Asteria, mtu wa bara, hana muda mrefu tangu ahamishiwe huku, na tangu afike anazunguka jioni mitaa yote na mgambo wake kukagua sheria kama zinafuatwa. Hakuitwa na mtu. Ilikuwa tu zamu ya mtaa wetu.

Akashuka, akasalimia vizuri, akampa pole na shughuli kila aliye karibu. Kisha akauliza gari hili ni la nani.

Nikasimama. Nikasema ni langu, na lina ruhusa, mwenyekiti ameitoa kwenye kipaza sauti, mtaa mzima umesikia.

Asteria akamgeukia Mwishehe akamuuliza kama ni kweli.

Mzee yule, Mungu amsamehe mimi bado, akatazama chini. Akasema yale yalikuwa maneno ya kuchangamsha harusi. Akasema yeye kama yeye hawezi kutengua sheria ya mkutano, analijua hilo, na kama mtu ameelewa vingine ni uelewa wake.

Kina mama wakaguna. Nikamwambia Mwishehe neno moja ambalo mhariri hataliandika.

Asteria hakukasirika. Alinisogelea, akaongea na mimi taratibu.

"Mama, mwenyekiti angeruhusu hata mara mia, hana uwezo huo. Lakini ufunguo unao. Liondoe mwenyewe sasa hivi, nami sijaliona. Ukiliacha, nalivuta, na likishaingia kule kutoka kwake si kesho."

Mtu gani angenipa nafasi zaidi ya hiyo? Nikamshukuru. Nikawaambia vijana wa maturubai wafungue kamba.

Biubwa akatokea mbio kutoka ndani. Akawaambia wasiguse hata kamba moja, biharusi yuko mlangoni anatoka. Vijana wakanitazama, wakamtazama yeye, wakakumbuka nani aliyewakodi. Wakarudisha mikono mifukoni.

Nikasema sawa.

Nikapanda kwenye Kenta na dera langu, nikafunga mlango, nikawasha. Moshi ukaingia chini ya turubai. Nikaisogeza kidogo tu, pumzi moja, kamba zikakaza na turubai likatikisika juu ya vichwa vya watu. Viti vikaanguka. Kina mama wakaanza kuita watoto wao. Hivyo ndivyo nilivyotaka, waone kwamba sitanii.

Abdulnasir akaja dirishani.

Mume wangu hasemi. Mmeshamjua. Lakini jioni ile dada yake alikuwa anamtazama, wanaume wenzake wa kanzu wanamtazama, shemeji zake wapya waliotoka Mkange wanamtazama, na mkewe yuko juu ya gari yeye yuko chini.

"Mwanvita, zima gari."

"Mwambie dada yako afungue kamba."

"Nimesema zima."

"Na mimi nimesema kamba."

Akapiga mlango wa Kenta kwa kiganja. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kila mtu akaisikia:

"Gari hili likitoka mtaani leo, talaka yako nimeshakuandikia. Ya tatu."

Hata kijana wa muziki alizima bila kuambiwa.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua kwa nini. Mbili alishanipa. Ya kwanza kwa ajili ya fitina ya dada yake, ya pili kwa ajili ya fitina ya dada yake. Mara zote mbili alirudi ndani ya eda na kilo ya halua na macho mekundu, tukarejeana. Ya tatu haina kurejeana. Mpaka niolewe na mwingine, mwingine huyo aniache, na mimi sio mtu wa kwenda kuazimwa. Na shehe aliyetoka kumfungisha Naila ndoa alikuwa amekaa pale pale, glasi ya sharubati mkononi, ameyasikia yote.

Nikamtazama mume wangu. Nilimwona kabisa ameshtuka, kama mtu aliyerusha jiwe kwa hasira halafu akasikia kioo.

Niliumia, ndugu zangu. Mbele ya watu wote wale, kwa ajili ya turubai la kukodi. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nampenda mwanamume yule, upumbavu wake na ndala zake. Kwa Kenta ningepigana na mtaa mzima. Kwake yeye mkono uligoma wenyewe.

Nikazima gari.

Nikashuka, nikampa ufunguo kwenye kiganja kile kile alichopigia mlango.

"Haya, silitoi. Acha nipoteze gari, nibaki na wewe."

Asteria akaniuliza kama nimeamua. Nikamwambia nimeamua. Akamwashiria dereva wa bredauni aje kinyumenyume mpaka kwenye Kenta.

Hapo ndipo akili ilipomrudia Abdulnasir. Alikuwa ameifunga talaka yangu kwenye gari, na gari lilikuwa linaondoka, niwe nimelitoa mimi au serikali. Nikaona rangi inamtoka usoni.

Mtu ambaye mkutanoni alikosa hata neno moja, sasa akawa anamfuata Asteria huku na huku, mama nisikilize, mama nakuomba, nikamate mimi, nilaze mimi ndani, gari liache. Asteria haelewi kitu. Akamkimbilia shehe, akapiga magoti, akamuuliza hivi maneno yale yanahesabika kweli, alikuwa na hasira tu.

Shehe akaweka glasi chini.

"Usiniulize hapa, Abdulnasir. Kaa tutalizungumza. Ila kwa sasa nakushauri jambo moja. Lisitoke."

Kina mama wakamweleza Asteria. Walikuwa watatu wanaongea kwa pamoja, lakini alielewa. Akashika kiuno. Akaitazama Kenta, akafuata kamba kwa macho mpaka juu ya turubai, akatazama watoto waliojaa chini yake.

Akasema hawezi kuvuta gari lililofungwa turubai lenye watu, anaweza kuua mtu. Shughuli iishe kwanza. Na ikiisha usiku, yeye hafanyi kazi usiku, atarudi kesho.

Kesho. Abdulnasir alisema "gari likitoka leo". Nikamwona anavuta pumzi na kushika kifua. Mimi mwenyewe nikashika bodi ya Kenta. Kamba za turubai la wifi yangu, zile zile, ndizo zilizokuwa zinanishikilia kwenye ndoa yangu. Nilimgeukia Biubwa, na sijui kwa nini, nilitaka kumshukuru.

Alikuwa amesimama katikati ya njia na dhahabu zake. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anaitazama Kenta, kwa utulivu, kama mtu anayepima nguo.

Akapiga makofi mawili. Akawaomba wageni, kwa adabu zote, wanyanyuke na viti vyao, wachukue na watoto, waingie uani kwake, shughuli itaendelea huko. Akasema uani kuna nafasi ya kutosha. Uani kwake kuna kisima na mabanda ya kuku.

Watu wakanyanyuka bila kuelewa. Biharusi alikuwa ameshafika kizingitini, shela limemfunika, akarudishwa ndani.

Kisha Biubwa akainama kwenye bampa la mbele la Kenta, akaanza kufungua kamba. Kwa mkono wake. Piko lilikuwa bado bichi, likawa linachafua kamba na linamharibikia vidole, na hakujali.

"Dada, unafanya nini?" Abdulnasir akauliza.

"Nafuata sheria, mdogo wangu."

Akafungua ya bampa, akaja za ubavuni. Turubai likaanza kulegea upande mmoja, likashuka juu ya kiti cha maua cha mwanawe mwenyewe, mapambo ya dhahabu yakaingia mchangani. Sikuweza kusogea. Nilidhani ninamjua mwanamke huyu. Nilidhani ananichukia kwa kiasi.

Abdulnasir akamshika mkono, Biubwa akamsukuma. Akafungua ya mwisho kwa meno.

Akajifuta mdomo, akamgeukia Asteria.

"Haya Mtendaji. Hakuna kilichofungwa, hakuna aliye chini. Sheria uliyokuja kuisimamia ni ile tuliyoipitisha wote. Au kuna watu na watu?"

Asteria alinitazama. Niliona hataki. Lakini mgambo wake walikuwepo, mwenyekiti alikuwepo, mtaa mzima umemkodolea macho, na yeye ni mgeni. Akaitikia kwa kichwa.

Wakainyanyua pua ya Kenta kwa mnyororo. Dereva wa bredauni akapanda, akafunga mlango, akawasha, macho yake mbele barabarani.

Na mume wangu, na kanzu yake mpya, akapiga mbio akazunguka ubavuni, akajitupa kifudifudi mchangani mbele ya tairi la nyuma la Kenta. Upande ule hapakuwa na mgambo. Hapakuwa na mtu. Mimi na wifi yangu tu ndio tuliomwona, na tairi lilikuwa limeshaanza kuzunguka.